Kibango: Fimbo Iliyobeba Historia ya Waluba

Fimbo ya mtawala wa Kiluba huishia kwa ncha ya chuma, na ncha hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kutembelea. Mtawala alipoketi barazani, fimbo yake ilichomekwa ardhini kando ya kiti, ikasimama wima yenyewe, na mwanamke aliyechongwa kichwani mwake akawatazama watu pamoja naye. Siku ya kutawazwa aliishika mkononi wakati wa kula kiapo. Wakati mwingine fimbo ilitembea peke yake, ikabebwa na mjumbe, na popote ilipofika neno la mwenyewe lilikuwa limefika.

Kwa Kiluba fimbo hii huitwa kibango. Waliokuwa nayo si wafalme peke yao. Machifu wa majimbo walikuwa nayo, wakuu wa vijiji, wenye vyeo vya ikulu, hata wanawake waliokuwa makao ya roho za wafalme waliokufa. Waluba ninaowazungumzia hapa ni wa Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mto Lualaba hupenya bonde la Upemba katikati ya matete, mabwawa na maziwa kama Kisale na Upemba. Waluba wa Kasai ni ndugu zao, ila historia yao ya utawala ilifuata njia nyingine.

Mgeni anayeiona kibango katika kabati la kioo huanza kuitazama juu, kwenye sanamu, na mara nyingi huishia hapohapo. Lakini fimbo hii ina urefu unaozidi mita moja, na kila sehemu yake ina la kusema. Kuna vipande vya mti mtupu, laini, visivyo na nakshi. Hiyo ni nyika isiyo na watu, na njia zinazoikata kuelekea kwa mfalme. Kisha mti unapanuka na kuwa bapa, mara nyingi mfano wa almasi, ukajaa michoro ya pembe na mistari inayopishana. Hapo panaitwa dibulu, napo ndipo penye makao ya watawala, mahali penye watu, sheria na siri. Fimbo nyingine ina dibulu moja, nyingine ina mbili zilizotenganishwa na mti mtupu, kwa sababu ukoo ulihama, au ulipata cheo mahali pawili. Baadhi zimezungushiwa waya wa shaba uliosukwa kwa kubana, kwani shaba ilihesabiwa kuwa na nguvu ya kukinga na kuponya.

Halafu yupo mwanamke. Macho yake yamefumbwa nusu, kope nzito, kama mtu anayesikiliza sauti iliyo ndani yake. Nywele zimesukwa kwa mtindo ambao mtu wa eneo lile angeutambua mara moja. Tumboni na kiunoni ana chale, na ukizifuata utaona ni michoro ileile iliyo kwenye dibulu. Mikono yake imeshika matiti, maana huko, kwa imani ya Waluba, ndiko siri za ufalme zilikohifadhiwa.

Mtu aliyejua kuisoma fimbo alianza na nyika na njia, akataja makao, akataja waliotawala hapo, nani aliwapa cheo, mizimu gani iliwalinda, mpaka akafika kwa mwanamke aliye juu. Na hapa ndipo ninapoona ubora wa sanaa hii. Fimbo ilitoa majina, mahali na mpangilio, lakini haikumfunga msemaji. Ukoo mmoja ungeweza kusimulia asili yake kwa namna moja leo, na kizazi kijacho, mbele ya wasikilizaji wengine na ugomvi mwingine, ukaisimulia kwa namna nyingine, wakiwa wameshika fimbo ileile. Wataalamu wa Magharibi waliotafuta orodha moja sahihi ya wafalme wa Waluba walihangaika sana. Walidhani wanatafuta kitabu cha kumbukumbu, kumbe walikuwa mbele ya hoja. Kila chifu alikuwa na fimbo yake, na kila fimbo ilitetea haki ya mwenyewe.

Usomaji huo ulikuwa na shule yake. Chama cha Mbudye kiliwakusanya wanaume na wanawake waliopanda ngazi moja baada ya nyingine katika elimu ya ufalme, na waliofika juu waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Chombo chao kikuu kilikuwa lukasa, ubao unaoshikika kwa mkono mmoja, uliopigiliwa shanga na makome au uliochongwa vinundu. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikagusa shanga moja, kikahamia nyingine, huku mdomo ukiimba majina ya wafalme, safari, vita na mizimu. Kibango na lukasa ni watoto wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba lukasa ilikuwa ya waliofundwa, na kibango ilisimama hadharani ambako kila mtu aliiona, ingawa si kila mtu aliielewa.

Hadithi iliyo nyuma ya fimbo zote ni ya Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mtu wa upinde wa mvua, aliyekuwa mlevi na mkatili, anayekula mbele za watu na kucheka kinywa wazi. Kutoka mashariki akaja mwindaji, Mbidi Kiluwe, mweusi wa kung'aa, mwenye adabu kiasi kwamba hakukubali kuonekana akila. Alizaa na dada wa Nkongolo, Bulanda, kisha akarudi kwao. Mtoto wake, Kalala Ilunga, alikua mkimbiaji na shujaa hadi mjomba wake akamwonea wivu. Nkongolo akachimba shimo, akalijaza mikuki yenye ncha juu, akalifunika kwa mkeka na kumwita mpwa wake aje acheze ngoma. Masimulizi hutofautiana juu ya nani aliyemwonya kijana, lakini wengi humtaja mganga Mijibu wa Kalenga. Kalala Ilunga alicheza, akauchoma mkeka kwa mkuki, akaliona shimo, akaruka na kukimbia kuvuka Lualaba. Aliporudi na jeshi la baba yake, Nkongolo alikatwa kichwa, na hapo ukaanza utawala wenye utakatifu wa damu ambao Waluba wanauita bulopwe.

Thomas Reefe, mwanahistoria Mmarekani aliyechapisha kitabu chake juu ya Waluba mwaka 1981, aliisoma hadithi hii kwa tahadhari, wala hakuwageuza Nkongolo na Kalala Ilunga kuwa watu wa tarehe fulani. Nadhani alifanya vyema. Hadithi hii ni katiba. Inaeleza mfalme anapaswa aweje: anayejizuia, asiyeonekana akila, mwenye ufundi wa kufua chuma uliotoka kwa Mbidi Kiluwe. Ndiyo maana katika kutawazwa kulikuwa na ibada ya kupiga fuawe, na ndiyo maana baadhi ya sanamu zina pini za chuma kichwani zilizofuliwa kwa umbo la fuawe ndogo.

Ukitaka tarehe, lazima uende makaburini. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, na kuanzia miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo katika bonde zima. Walichokipata kiliwashangaza. Watu walikuwa wakiishi mahali pale kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kukatika, wakila samaki wa maziwa, wakifinyanga vyungu vizuri na kuwazika wafu wao na mali. Katika makaburi ya karne za baadaye ipo misalaba ya shaba, mwanzoni mikubwa, na kadiri muda ulivyopita misalaba ikawa midogo na ya vipimo vinavyofanana, jambo linaloonyesha kuwa shaba ilikuwa inageuka fedha. Kaburi moja la Kamilamba, katika bonde hilohilo, la kama karne ya 8 au ya 9, lilikuwa na shoka la heshima na fuawe ya chuma. Mpini wa shoka ulikuwa umepigiliwa misumari kwa pambo. Miti huoza katika udongo ule, na fimbo yoyote iliyozikwa na mtawala wa enzi hizo imekwisha kuwa udongo. Hata hivyo alama za madaraka zilizotajwa katika masimulizi ya karne ya 19, yaani shoka na fuawe, tayari zilikuwa karibu na mkuu mmoja miaka elfu moja kabla.

Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, chini ya watawala kama Ilunga Sungu na Kumwimbe Ngombe, jina la Waluba lilisambaa mashariki hadi upande wa ziwa Tanganyika. Ramani za vitabu vya shule hupaka eneo lote hilo rangi moja na kuliita dola. Nafikiri ramani hizo hupotosha. Mfalme wa Waluba hakuwa na jeshi la kukaa katika kila wilaya. Alikuwa na heshima, na aliigawa. Chifu wa mbali aliyetaka nguvu dhidi ya majirani zake alikwenda ikulu na zawadi za ushuru, akarudi na chaki nyeupe takatifu, moto wa kifalme, fimbo, na hadithi ya kumuunganisha na ukoo wa Kalala Ilunga. Kati ya mito Lukuga na Luvua, Kumwimbe Ngombe aliwapa machifu moto huo, nao wakajenga utawala juu yake. Machifu hawa waliendelea kutawala nchi zao kwa mila zao. Walichopata ni uhalali, na kibango ilikuwa ushahidi wake. Kwa hiyo kadiri mtu alivyokuwa mbali na kitovu, ndivyo fimbo yake ilivyohitaji kusema zaidi.

Mkondo huo ulivuka hata mipaka ya Waluba. Walunda, magharibi, husimulia juu ya Chibinda Ilunga, mwana wa mfalme wa Kiluba na mwindaji, aliyefika kwao akamwoa malkia Lueji. Jirani zao Wachokwe walipomchonga shujaa huyo katika mti mgumu walimpa kichwa chenye taji la kifahari na mara nyingi fimbo mkononi.

Kwa nini juu ya fimbo ya mwanamume akae mwanamke? Waluba waliamini kwamba mwili wa mwanamke ndio pekee wenye nguvu ya kubeba roho ya mfalme. Mfalme alipofariki, makao yake yaligeuka kitenta, mji wa roho yake, na akatokea mwanamke aliyeingiwa na roho hiyo. Huyo aliitwa mwadi. Alitunza masalia ya marehemu ndani ya kikapu, alikuwa na watumishi, alipokea ushuru, alikuwa na kiti na fimbo zake, na mfalme mpya alikuja kwake kwa unyenyekevu kutafuta shauri la aliyemtangulia. Wake, dada na mama walikuwa pia mabalozi. Mfalme alioa kutoka koo za machifu wa mbali, na ndoa hizo zilifunga nchi kwa namna ambayo mikuki haikuweza. Wanawake wawili wanaochongwa pamoja juu ya baadhi ya fimbo mara nyingi ni mapacha wa kiroho, Mpanga na Banze, walinzi wa ufalme tangu mwanzo.

Chale na ususi wa sanamu navyo vina uzito huohuo. Kwa Waluba mwanamke hakuzaliwa mzuri, alifanywa mzuri, kidogo kidogo, kwa chale, kwa mafuta na kwa nywele zilizosukwa kwa muda mrefu kiasi kwamba usiku zililazwa juu ya mto wa mti uliochongwa zisiharibike. Uzuri huo uliivuta roho ikae. Mchongaji wa kibango, aliyefanya kazi kwa tezo na kisu, aliufanyia mti kile ambacho wanawake walifanyiana wao kwa wao. Aliuandaa uwe nyumba ya roho. Baada ya yeye kumaliza, mtaalamu wa dawa aliweka dawa, na hapo ndipo fimbo ilipoanza kazi.

Pwani ya Afrika Mashariki iliijua nchi hii kabla Ulaya haijaijua. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliiita Urua, na watu wake Warua, na Tippu Tip anaitaja katika habari za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika mwaka 1874 kwenye makao ya mfalme Kasongo Kalombo, alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara wa pwani, amekwisha jenga nyumba, ana watu wake na mashamba yake, naye ndiye aliyempa Cameron makazi na msaada kwa miezi mingi. Kutoka upande wa Angola alikuwepo José Antonio Alvez, mfanyabiashara wa watumwa. Cameron alihudhuria mabaraza ambayo machifu walikuja kutoa utii, na aliyoyaandika yanamchora Kasongo kama mkatili aliyekata watu mikono na masikio. Yapo mambo ya kumwamini, yapo ya kumsoma kwa uangalifu, kwani alikuwa mgeni aliyezuiwa kuondoka na mwenye hasira.

Lakini bunduki zilikuwa zimeingia, na mfumo uliojengwa juu ya heshima ulianza kupasuka. Chifu wa pembezoni aliyekuwa akihitaji fimbo kutoka kwa mfalme sasa aliweza kupata baruti kutoka kwa msafara. Kusini alikuwa ameinuka Msiri, aliyetoka Unyamwezi, akajenga mji wake wa Bunkeya na kuikamata biashara ya shaba na pembe za ndovu katika nchi ambazo zamani zilitazama kwa Waluba. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs, uliofika huko kwa miguu ya wapagazi kutoka Zanzibar. Kwa Waluba wenyewe, kifo cha Kasongo Kalombo katika miaka ya 1880 kilizua vita vya urithi kati ya ndugu. Wabelgiji walikuta ufalme umegawanyika, wakaugawa rasmi kati ya Kabongo na Kasongo Nyembo. Huyu wa pili aliwapinga kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni.

Utawala wa kikoloni ulileta alama nyingine ya madaraka: medali ya chifu na karatasi yenye mhuri. Afisa wa wilaya hakuwa na haja ya kusikia dibulu ngapi ziko kwenye fimbo ya nani. Wakati huohuo fimbo zilianza kuondoka. Nyingine ziliporwa vitani, nyingine zilinunuliwa, nyingine zilitolewa na watu waliobatizwa, nyingine zilikusanywa na wamisionari wenyewe. William Burton, mmisionari wa Kipentekoste aliyefika mwaka 1915 na kuishi Mwanza ya Katanga, alikuja kuhubiri dhidi ya mizimu. Hata hivyo alichora, akapiga picha na kukusanya vitu vingi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na maelezo yake ni miongoni mwa machache ya zama zile yanayosema kitu kilitumiwaje na nani.

Huko Ulaya fimbo zilipata maisha mengine. Zilitenganishwa na udongo, mara nyingine zikatenganishwa na ncha zao za chuma, zikasimamishwa juu ya vishikio vya kiwanda. Mwaka 1937 mtaalamu wa sanaa Frans Olbrechts aliandaa maonyesho ya sanaa ya Kongo mjini Antwerp na akaanza kufanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifanya: kuitambua mikono. Aliona kwamba kundi la kazi zenye nyuso ndefu, zilizokondeana na zenye huzuni, zinazohusishwa na Buli karibu na Lualaba, lazima zilitoka katika karakana moja. Baadaye lilitajwa jina la mchongaji, Ngongo ya Chintu. Hatua ya Olbrechts ilikuwa muhimu, kwani ilimrudishia mchongaji wa Kiafrika utu wake. Lakini ilimtazama mchongaji peke yake. Aliyeishika fimbo, aliyeisoma na ukoo uliotetewa nayo walibaki nje ya mlango.

Ilibidi kungoja nusu karne. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mary Nooter Roberts aliishi na kufanya utafiti kwa Waluba, akawakuta watu wa Mbudye na watunza fimbo ambao bado waliweza kusema. Yeye na mumewe Allen Roberts walitoa maonyesho na kitabu mwaka 1996 mjini New York, na tangu hapo haiwezekani tena kwa mtu makini kuiita kibango pambo. Maelezo mengi ninayoyategemea hapa juu ya dibulu, njia na nyika yalitoka vinywani mwa wazee hao.

Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyomo katika jumba la makumbusho la Tervuren, na mwaka huohuo bunge la Ubelgiji likapitisha sheria ya kurudisha vilivyochukuliwa isivyo halali. Fimbo za Waluba zimo katika hazina hiyo. Mazungumzo ya kidiplomasia huhusu nani atamiliki kitu na kitahifadhiwa wapi, na hayo ni ya haki. Ila kwa kibango yapo matengenezo mengine yasiyongoja mkataba. Picha za kila fimbo, pande zote, zinaweza kufika miji ya Waluba ya Kabongo na Kamina mwaka huu. Mzee mmoja wa ukoo anaweza kuketi na picha hizo, akasema fimbo ya kwao ni ipi, akarekodiwa kwa Kiluba akiisoma kutoka nyika hadi kwa mwanamke aliye juu. Na kama wazee wawili watasoma fimbo moja kwa namna mbili zinazopingana, basi warekodiwe wote wawili.